Kutoka Fimbo Ndefu Hadi Filimbi

Mwombe mchezaji hodari wa lakrosi akueleze anavyodaka mpira unaomjia kwa kasi upande ule ambao fimbo yake haipo. Atachukua fimbo akuonyeshe. Mwambie aiweke fimbo chini aeleze kwa mdomo tu, ataanza sentensi tatu na hatamaliza hata moja. Nilicheza mchezo huu tangu utotoni hadi utu uzima, karibu muda wote nikiwa beki wa fimbo ndefu, na siku nilipokabidhiwa kundi la vijana niwafundishe ndipo nilipoona ukubwa wa kazi. Kila nilichokijua kilikuwa mwilini mwangu, na wao walikihitaji kwa maneno.

Nawaandikia hasa wachezaji wanaokaribia kustaafu, wale wanaoambiwa kila siku kwamba ukocha utawajia wenyewe kwa sababu wamecheza sana. Hauji wenyewe. Ni kazi nyingine, ina macho yake na lugha yake, na mimi naipenda kuliko nilivyopenda kucheza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa kifupi. Lakrosi ya uwanjani ya wanaume huchezwa na watu kumi kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Uwanja una urefu wa mita 100 hivi na upana wa mita 55. Mpira ni wa raba ngumu, uzito wake karibu gramu 145, unatoshea kiganjani. Hairuhusiwi kuushika kwa mkono, isipokuwa kipa akiwa ndani ya duara lake, naye huruhusiwa kuuzuia tu. Kila mchezaji ana fimbo yenye wavu mdogo kwenye kichwa chake, na kwa fimbo hiyo anadaka, anabeba, anapasia na kupiga shuti. Washambuliaji na viungo wengi hutumia fimbo fupi ya mita moja hivi. Mabeki hubeba fimbo ndefu inayoweza kufika mita 1.8, ndefu kuliko wengi wetu tunaoibeba. Lango ni mraba wa mita 1.83, na pana nafasi nyuma yake ambako mchezo unaendelea kama kawaida. Shuti la mtu mzima mwenye nguvu linaweza kupita kilomita 160 kwa saa.

Mchezo huu una wenyewe. Watu wa Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois, pamoja na mataifa mengine ya asili ya mashariki ya Amerika Kaskazini, waliucheza karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Kwao ni mchezo wa Muumba, na ni dawa: huchezwa kumwombea mgonjwa au kuiponya jamii nzima. Mtoto wa kiume huwekewa fimbo ndogo ya mti anapozaliwa, na wapo wanaozikwa na fimbo zao. Daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia kanuni mwaka 1867, na kutoka hapo ukasambaa kwenye vilabu na vyuo, mara nyingi huku wenyewe wakiwekwa kando. Mwaka 2010 timu ya Iroquois ilikwama New York ikielekea Manchester kwenye mashindano ya dunia, kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti za taifa lao. Walipoambiwa wasafiri kwa pasipoti za Marekani au Kanada walikataa, wakakosa mashindano ya mchezo ambao babu zao waliuanzisha. Habari hii nawasimulia wachezaji wangu wote kabla hawajapewa fimbo. Nilipokuwa nacheza niliijua juujuu tu. Ukishakuwa kocha unalazimika kuijua vizuri, maana wewe ndiye unayepokeza mchezo kwa mwingine, na haiwezekani kumpa mtu kitu bila kumwambia kimetoka kwa nani.

Nilivyoacha kucheza si hadithi ndefu. Kano ya goti ilikatika, nikafanyiwa upasuaji, nikarudi, ikakatika tena. Daktari alinieleza kwa upole, nami nikatundika daluga. Kwa muda sikutaka hata kusikia mpira ukigonga ukuta.

Aliyenitoa huko ni kocha wangu wa zamani, mzee aliyenifundisha tangu nikiwa sijui kufunga helmeti. Alinipigia simu, hakunipa pole wala hakuzungumzia goti. Alisema, "Njoo unisaidie na mabeki. Ila fimbo iache nyumbani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mzee alikuwa amewaona wachezaji wengi wa zamani wakigeuza mazoezi kuwa maonyesho: kocha anachukua fimbo, anafanya jambo zuri, vijana wanashangilia, na hakuna aliyejifunza chochote. Ukinyang'anywa fimbo unabaki na macho na mdomo. Vyote viwili vilikuwa havijafunzwa.

Chukua jambo dogo kabisa: kuokota mpira wa chini. Katika lakrosi mpira huanguka mara nyingi, na timu inayookota mingi ndiyo inayocheza, nyingine inakimbiza. Niliokota mipira maisha yangu yote bila kufikiri. Ili niweze kufundisha nilimwomba rafiki anirekodi kwa simu, ingawa goti lilikuwa linanikataza kukimbia, nikatazama picha polepole, kipande kwa kipande. Nikaona kwamba kinachompa mtu mpira si mkono, ni mguu. Mguu ulio upande wa mkono wa juu unatua pembeni mwa mpira, magoti yanakunjwa, kiuno kinashuka, ndipo fimbo inalala karibu sambamba na nyasi na kichwa chake kinaingia chini ya mpira kutokea nyuma, kama sepetu inayochota mchanga. Mkono wa nyuma, ule ulioshika kitako cha fimbo, ndio siri yenyewe. Ukibaki juu, kichwa cha fimbo kinaingia kwa pembe kali na kuusukuma mpira mbele. Ukishuka, mpira unaingia wenyewe. Halafu husimami: unapita juu ya mpira kwa kasi ile ile, unaivuta fimbo karibu na uso, na mgongo wako unaukinga mpira dhidi ya adui.

Kulikuwa na kijana mmoja, mwepesi wa miguu, ambaye kila akiinama mpira ulimtangulia hatua mbili. Akainama tena, ukamtangulia tena. Alianza kuukasirikia.

"Kocha, unanikimbia."

"Hauna miguu huo. Mkono wako wa nyuma uko wapi?"

Akautazama. Ulikuwa usawa wa kiuno.

"Ushushe mpaka vidole viguse nyasi."

"Nitajikwaa."

"Jikwae. Nyasi ni laini."

Hakujikwaa. Mpira uliingia wavuni, akapita nao mbio mpaka mwisho wa uwanja bila kujua asimame wapi. Furaha niliyopata pale sikuwahi kuipata kwa kumpokonya mshambuliaji mpira, na nilipokonya wengi. Nikasema moyoni, kumbe kazi hii inawezekana.

Maneno ni nusu tu. Nusu ya pili ni macho, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sijaona watu wakilizungumza vya kutosha.

Mchezaji anafuata mpira kwa macho. Lazima aufuate, ndiyo kazi yake. Hata beki mzuri anayegawanya macho yake, huku mtu wake na huku mpira, bado mpira unamvuta. Kocha akiufuata mpira hana faida. Mtu mwenye mpira ni mmoja. Wenzake tisa na wapinzani kumi hawana mpira, na goli linalofungwa sekunde nne zijazo linatengenezwa na hao wasio na mpira. Nilitumia msimu mzima kujizuia. Nilikaa juu kabisa ya jukwaa, nikachagua beki mmoja, nikamwangalia yeye peke yake kwa robo nzima ya mchezo, mpira uwe unaenda unakokwenda. Kelele za watazamaji ziliponiambia goli limeingia, nilikuwa sijaliona likiingia, lakini nilijua limetokana na nini: beki wangu alikuwa amegeuza kichwa, mgongo wake ukamwelekea mtu wake, na mtu wake akapenya nyuma yake.

Ulinzi wa lakrosi, kwa asiyeujua, unaonekana kama watu sita wanaopigana na watu sita. Ndani yake ni mazungumzo. Kila mshambuliaji hodari, ukimwachia nafasi, atampita beki wake. Hilo tunalikubali kabla ya mchezo kuanza. Kwa hiyo yupo beki mwingine ambaye tayari ameshaambiwa yeye ndiye wa kwanza kuja kufunika. Akija, anamwacha mtu wake wazi, hivyo yupo wa pili wa kumziba huyo. Wa pili naye ameacha mtu, na waliobaki wanazunguka kuziba. Yote haya yanatokea ndani ya sekunde mbili hivi, nayo yanatokea kwa sauti. Anayemkaba mwenye mpira anasema, "Mpira wangu!" Mwingine anapaza, "Wa kwanza mimi!" Mwingine, "Wa pili mimi!" Kipa nyuma yao anatangaza mpira ulipo kila unapohama: "Juu katikati! Kulia! Nyuma kulia!" Anayeondoka kufunika anasema "Naja!" ili anayepitwa ajue ampeleke adui upande upi. Ulinzi ukinyamaza, tayari kuna mtu amepotea na bado hajajua.

Nilipokuwa nacheza nilipiga kelele hizo bila kuzihesabu kuwa ni kitu. Kama kocha nimezifanya ndizo somo lenyewe. Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina mpira kabisa. Naweka washambuliaji sita mahali pao, mabeki na viungo sita wanawakaba, na mimi nasimama katikati nikinyoosha kidole: mpira uko kwa huyu. Sasa kwa yule. Kila kidole kinapohama, watu sita wanahama na sauti sita zinatoka. Nikimwita mmoja wao kwa jina na kuuliza, "Wewe ni nani sasa hivi?" hatakiwi kujibu jina lake. Ajibu: wa pili. Wageni wanaotutazama wanashangaa timu ya lakrosi inafanya nini bila mpira. Baada ya wiki chache za zoezi hilo unaweza kufumba macho kwenye mchezo halisi na kujua ulinzi wako uko sawa au la, kwa kusikiliza tu.

Ndiyo maana naamini makipa wengi wana ukocha ndani yao bila kujua. Wamefundishwa kuutazama uwanja wote na kuusema kwa sauti. Mshambuliaji mwenye kipaji ana njia ndefu zaidi, kwa sababu kipaji chake kilimruhusu kutoeleza.

Ndefu, lakini inapitika. Gary Gait ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1988, akichezea Chuo Kikuu cha Syracuse kwenye nusu fainali ya vyuo vya Marekani dhidi ya Pennsylvania, aliruka kutoka nyuma ya lango, akapitisha fimbo juu ya mwamba na kuuzamisha mpira wavuni kutokea juu, na hakufanya hivyo mara moja tu. Baadaye mbinu ile ilipigwa marufuku. Mtu wa namna hiyo ungemtarajia ashindwe kufundisha, maana utamfundishaje mwingine kufanya ambacho hakuna aliyewahi kukifanya? Gait akaenda Chuo Kikuu cha Maryland kuwa kocha msaidizi kwenye timu ya wanawake, na mwaka 2007 akapewa timu ya wanawake ya Syracuse, akakaa nayo mpaka 2021 alipohamia timu ya wanaume ya chuo hicho hicho. Mchezo wa wanawake una historia yake, ulianza katika shule ya St Leonards huko Scotland mwaka 1890, na sheria zake ni nyingine. Hakuna kugongana miili. Eneo linalozunguka kichwa cha mchezaji halichezewi. Beki haruhusiwi kusimama kwenye njia ya shuti ikiwa hamkabi mtu kwa karibu. Mfungaji aliyezoea kupenya katikati ya miili lazima aanze upya kufikiri nafasi zinatoka wapi. Kwa maoni yangu kuanza upya huko ndiko kulikomfanya mwalimu. Alilazimika kufundisha mchezo ambao mwili wake haukuwa umeucheza.

Mwingine ni Kelly Amonte Hiller, aliyekuwa nyota wa Maryland. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kujenga upya timu iliyokuwa imefutwa, mbali na pwani ya mashariki ambako wachezaji wazuri walikuwa wanatoka. Wasichana waliofunzwa tangu utotoni hawakuwa wakimiminika huko. Akawatafuta wanamichezo. Inajulikana sana alivyowaona mapacha wawili wakikimbia chuoni, akapenda mwendo wao, akawaita kwenye mchezo ambao hawakuwa wameucheza. Mwaka 2005 timu hiyo ilichukua ubingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja, na ikauchukua tena miaka minne iliyofuata mfululizo. Nikisoma habari hiyo huwa sijali sana makombe. Naifikiria ile miezi ya kwanza, yeye na watu wazima wenye mbio na mapafu lakini wasiojua kudaka, na jinsi alivyolazimika kuuvunja mchezo wote vipande vidogo kabisa ili waushike. Kocha aliyepewa wachezaji waliokamilika hapati nafasi ya kujifunza hilo.

Kuna upande wa kazi hii ambao ukiwa mchezaji huuoni kabisa: geti la mabadiliko. Lakrosi hubadilisha wachezaji mchezo ukiendelea, kupitia sehemu maalumu mbele ya meza ya waamuzi. Viungo wanakimbia uwanja mzima na kuchoka haraka, kwa hiyo wanaingia na kutoka kwa makundi muda wote. Ukiwa ndani unasikia jina lako unakimbia kutoka, basi. Ukiwa kocha, unajua kwamba mtu akitoka kabla mpira haujavuka mstari wa kati umewapa wapinzani mmoja wa ziada kwa sekunde tatu, na sekunde tatu zinatosha. Unataka kiungo mwenye fimbo ndefu aingie kwa ulinzi na atoke kabla ya shambulizi. Unatunza akilini nani ana pumzi, nani ametoka kupata adhabu, nani anaingia baada ya nani. Wakati huohuo lazima wanne wabaki nusu yenu ya ulinzi na watatu nusu ya mbele, la sivyo kipyenga kinapulizwa. Kazi ya geti nilipewa na mzee mapema, na naishukuru, kwani ilinifunza mapigo ya mchezo kuliko ubao wowote.

Sasa niseme jambo zito. Ukiwa mchezaji unajibika kwa mwili mmoja. Ukiwa kocha unajibika kwa miili yote. Mpira wa raba ukimpiga mtu kifuani, juu ya moyo, katika kile kipande kidogo mno cha wakati kati ya pigo moja la moyo na jingine, unaweza kuuvuruga mdundo wa moyo wa kijana mwenye afya kamili ukasimama. Hutokea kwa nadra, lakini imetokea, na imeua. Ndiyo sababu nchini Marekani makipa walilazimishwa kuvaa kinga ya kifua yenye kiwango maalumu kuanzia mwaka 2021, na wachezaji wengine wa upande wa wanaume kuanzia 2022. Kinga inapunguza hatari, haiiondoi. Kinachookoa maisha ni mtu anayejua kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo iliyo karibu. Nawasihi makocha wote wanaosoma hapa: jueni mashine iko wapi kabla hamjatoa mipira kwenye begi, na muwe na mtu aliyetumwa tayari kuikimbilia. Kichwa nacho vivyo hivyo. Mchezaji aliyegongwa akaonekana hana uhakika, anatoka, harudi siku hiyo, hata kama anaapa yuko mzima, hata kama ni fainali. Nilicheza zama ambazo tulijisifu kwa kurudi uwanjani tukiona nyota. Sifundishi hivyo, na sitaki mtu yeyote aliye chini yangu afundishe hivyo.

Kuchagua kikosi ni kugumu kwa namna nyingine. Mtu amekuja mazoezini kila mara, amebeba vifaa, amewatia wenzake moyo, na bado hatoshi kuanza. Siku hizi namwambia mwenyewe, uso kwa uso, kabla majina hayajabandikwa, nikimtajia mambo mawili ya kufanyia kazi na lini nitamwangalia tena. Wazazi nazungumza nao baada ya mchezaji, kamwe si kabla. Zaidi ya hapo sina ufundi mwingine.

Kilichonitikisa zaidi miaka ya karibuni ni lakrosi ya watu sita. Shirikisho la dunia, World Lacrosse, liliitengeneza iwe fupi na nyepesi kubeba: watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane, na sekunde 30 tu za kupiga shuti tangu upate mpira. Goli likifungwa hakuna kugombea mpira katikati. Kipa anauokota wavuni na kuanzisha. Kikosi ni watu 12. Na isipokuwa kipa, hakuna fimbo ndefu.

Mimi ni beki wa fimbo ndefu. Nusu ya ujuzi wangu ilikuwa ule urefu: kumfikia mtu akiwa hatua mbili mbali, kumgusa mikono kabla hajapandisha fimbo, kumweka pembeni kwa ncha. Kwenye watu sita unakuwa karibu naye kifua kwa kifua, na huna cha kutegemea ila miguu na nyonga zako. Kila mtu anashambulia na kila mtu anakaba. Hakuna wa kusema kazi yangu ni moja. Ilibidi nikae na walimu wa mpira wa kikapu na wa mikono, niwaulize wanavyofundisha hatua za pembeni na kurudi nyuma bila kuvuka miguu. Nilifurahi sana kuwa mwanafunzi tena. Na mchezo huu umefungua milango: nchi isiyoweza kukusanya wachezaji ishirini na kitu na kuwanunulia vifaa inaweza kupata kumi na wawili. Uganda ilipocheza mashindano ya dunia ya wanaume Denver mwaka 2014, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika, ilibidi ipeleke kikosi kamili cha uwanja mkubwa. Wanaokuja nyuma yao wana njia fupi zaidi.

Mtindo huo wa watu sita ndio utakaochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Lakrosi iligombewa kwa medali mara mbili tu, St. Louis mwaka 1904 na London mwaka 1908, kisha ikaonekana kama mchezo wa maonyesho mwaka 1928, 1932 na 1948. Uamuzi wa kuirudisha ulipitishwa Mumbai mwezi Oktoba 2023. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ina shimo katikati. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa imeshikilia kwamba wanaoingia ni wale wenye kamati za taifa zinazotambuliwa nayo, na Haudenosaunee hawana, ingawa wanacheza mashindano ya dunia chini ya bendera yao wenyewe na timu yao ya wanaume imesimama jukwaani mara kadhaa. Lakrosi ikichezwa Olimpiki bila wao, mimi nitaiona ni dhuluma, nami nawaambia wachezaji wangu hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Nirudi kwa wewe unayetundika daluga msimu huu. Usikimbilie timu ya watu wazima, hata ukipewa. Omba kundi la wanaoanza, wale wasiojua hata fimbo inashikwa wapi, ukae nao mwaka. Chukua mafunzo ya uamuzi wa awali na uchezeshe mechi chache za watoto, kwa sababu mwamuzi naye anafundishwa kutoangalia mpira, na utajifunza kwake bure. Tafuta mzee wa kukuita pembeni. Jifunze huduma ya kwanza kabla ya kujifunza mbinu. Rekodi mazoezi yako, usiwarekodi wachezaji tu, jirekodi wewe unavyosema, usikilize ni maneno mangapi yalihitajika na mangapi yalikuwa ya kujipendeza. Na ukifika kwenye zoezi la mpira wa chini, piga goti ardhini uwe chini kuliko wao, uangalie ule mkono wa nyuma.